Nyumba ya Pili Niliyoiandika kwa Jina Lako

Zuhura,

Sikuulizi hali. Nakusikia mle chumbani unavyogonga sanduku kama mnagombana, na kila ukivuta zipu unaguna, basi najua u mzima. Mimi pia ni mzima wa mwili. Habari za roho yangu unazo wewe, maana ndiwe uliyeichafua.

Nakuandikia kwa sababu tukisema tunapiga kelele. Juzi tulipofika pale ulipopiga meza, nilisikia jirani anazima redio yake ili atusikie vizuri. Sitaki kumstarehesha tena. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda changu ni cha sokoni na cha mbele ya wakubwa. Nikikasirika kinanikimbia, na leo sina nia ya kukifukuzia. Jua bado lipo. Sambaza wangu wako uani kwenye turubai, na nikimaliza upande mmoja wa karatasi nitatoka niwageuze. Ukiona mahali maneno yamekatika na karatasi inanuka samaki, ndiyo hivyo. Samaki hao ndio waliokusomesha mpaka ukajua kunijibu.

Sitakuambia uvae sweta, ingawa Huye uendako chuoni kuna baridi kuliko huku kwetu ziwani. Sitakuambia usali, wala usikope sabuni kwa wenzako, wala ufunge mlango. Hayo yote nimeyasema tangu ukiwa na meno ya utoto na sijaona yalipoingia. Dunia itakufundisha, na yenyewe haina huruma kama mimi. Nataka kusema habari ya nyumba tu.

Juzi ulisimama hapa, mikono kiunoni kama polisi wa mpakani, ukaniambia umepata mnunuzi wa nyumba ya Gihundwe. Ukasema utaiuza ulipe chuo cha uuguzi mpaka mwisho, na kitakachobaki utakula. Nikakuuliza mnunuzi ni nani. Ukasema Maman Furaha. Zuhura, kati ya watu wote Mungu aliowaumba wakapata miguu, ukamchagua yule! Ungemuuzia shetani ningekwenda kumsaidia kubeba vitanda. Lakini Maman Furaha, mwanamke aliyesimama mbele ya mtaa mzima na kukufungia mlango wa masomo, ndiye leo unampa ufunguo?

Ukanijibu, na jibu lako bado liko tumboni kama ugali mbichi: «Yeye alisema ukweli, Maman. Weye njo ulidanganya.»

Haya. Basi sikiliza, uusikie uongo wangu wote kutoka kwangu, usiende kuuokota kwa vipande huko njiani.

Unaijua nyumba hii tunayokaa. Babu yako ndiye aliyeijenga, matofali yake yalitoka Bukavu kwa mtumbwi enzi zile, na baba yako alizaliwa ndani yake na akafia ndani yake. Mimi niliingia humu nikiwa bibi harusi mwenye masanduku mawili. Siku ya arobaini ya baba yako, watu hawajamaliza kula pilau, baba yako mdogo Hamadi alisimama pale uani, akaangalia mabati, akahesabu vyumba kwa kidole, akaniambia: «Shemeji, usiwe na bwoga. Hapa uko kwa ndugu yetu, hakuna muntu atakufukuza.» Alidhani ananituliza. Unajua maana ya kuambiwa hakuna atakayekufukuza? Maana yake kuna aliyekwisha kufikiria. Sheria ikanipa karatasi, ndiyo, jina langu limo, nashukuru serikali. Lakini mpaka leo kila Idi Hamadi anakuja, anakula, anatoka nje na kukagua mabati. Nikipaka rangi ukuta ananipongeza kama mfanyakazi wake.

Ndipo nilipoapa kwamba nitapata nyumba yangu. Si ya mume, si ya baba mkwe. Nyumba ambayo nikigonga msumari ukutani hakuna atakayeniuliza msumari wa nini. Nikauza sambaza. Niliwabeba kwenye beseni kuvuka mpaka, nikarudi na vitenge vya Bukavu, nikauza vitenge, nikanunua sambaza tena. Mvua ilinipiga pale darajani, watu wa mpaka walinipiga kwa maswali, na wanawake wenzangu walinipiga kwa wivu. Zamu yangu ya likelemba ilipofika, ile michango tunayopeana kwa zamu pale sokoni, sikununua hata kanga. Wewe ulilia unataka viatu vya mpira vyeupe kama vya wenzako. Nikakunyima. Mpaka leo nakumbuka ulivyolia, na sijutii.

Nikaipata. Nyumba ya Gihundwe, sebule na vyumba viwili, na jiko la uani, na mti wa parachichi ambao nusu yake uko kwa jirani. Siku niliyomaliza kulipa nilikaa sakafuni katikati ya sebule tupu, nikavua viatu. Nilikaa tu. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi hivyo, na nikikwambia hata siku uliyozaliwa haimo, usikasirike. Siku ile nilikuwa na maumivu.

Kisha nikaenda kuuliza mambo ya kuandikisha.

Yule kijana wa ofisini alinieleza vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema nyumba unayoishi, moja, hailipiwi kodi ya jengo. Ukiwa na ya pili, hiyo ya pili inalipiwa kila mwaka, na ukichelewa deni linazaa. Akaniuliza, mama, una nyumba nyingine? Nikamwambia ngoja nitarudi. Nikatoka nje nimekunja uso kama mtu aliyeambiwa alipe kodi ya kupumua. Nilikuwa nimemaliza kulipa nyumba, na sasa nianze kulipa kwa kuwa nayo! Mwaka hadi mwaka, mpaka nife!

Sokoni nikawaambia wenzangu. Wakanicheka mpaka mmoja akamwaga unga. Mama Riziki, yule wa mitumba, akaniambia: «Maman Zuhura, weye uko muzima kweli? Nyumba ya pili unaiandika kwa jina yako ju ya nini? Andika mutoto! Siye bote tuliandika batoto.» Na kweli. Hapa kwetu ukisikia binti wa kidato cha mwisho ana nyumba, usiulize amerithi kwa nani, uliza mama yake anakimbia nini. Mama mmoja, nyumba moja. Mtoto mmoja, nyumba moja. Kila mtu anaishi kwake, hakuna wa pili, hakuna kodi. Tulijiona wajanja sana. Tulikuwa tunapeana mbinu hiyo kama dawa ya minyoo.

Ulikuwa umetimiza umri wa kitambulisho mwezi uleule. Nikakuchukua ofisini, nikakuambia weka sahihi hapa na hapa. Ukauliza ni nini. Nikakujibu ni mambo ya wakubwa. Ukaweka sahihi, tukapita dukani, nikakununulia soda.

Sasa tazama upumbavu wa mama yako. Nilitumia miaka yote ile nikitafuta nyumba yenye jina langu. Siku nilipoishika, nikalifuta jina langu kwa mkono wangu mwenyewe, na sikulazimishwa na Hamadi wala na mtu yeyote. Niliogopa kodi. Ile kodi ilikuwa bei ya kusema mbele ya watu kwamba hii ni yangu, nami nikaona ni ghali, nikatafuta kwa bei ya chini. Rahisi ghali, Waswahili wamesema, na mimi nimeuza vitu sokoni umri wangu wote lakini methali hiyo niliiona ni ya wateja.

Nimetoka kuwageuza samaki. Umeacha kugonga sanduku, au umelala, au unanichungulia. Naendelea.

Uongo ukiuzaa huna budi kuulea. Nyumba iliandikwa kwamba wewe unaishi mle, na wewe ulikuwa unaishi hapa, unamaliza sukari yangu. Mle nilimpangisha mwalimu Byamungu, Mushi wa watu, kabila la kule Bukavu, mtu mpole asiyejua hata kudai risiti. Nikamwambia akija mtu wa ofisi aseme yeye ni mjomba wako. Akaja mtu kweli, na akaja mwezi wa Ramadhani, saa sita mchana, akamkuta mwalimu uani na sahani ya maharage na ndizi. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchuma parachichi, niliona kila kitu.

«Weye ni nani hapa?»

«Miye niko mujomba wa Zuhura,» mwalimu akasema, mdomo umejaa.

«Mujomba wa Baislamu? Na unakula mu Ramadhani?»

Mwalimu akatafuna, akafikiri, akasema: «Niko mugonjwa.» Akachota kijiko kingine.

Yule mtu alicheka, akaandika anachoandika, akaenda zake. Nami nikacheka mpaka machozi, nikakusimulia jioni ukacheka nawe, tukacheka wote wawili pale jikoni tukishikana mabega. Nakukumbusha hilo kwa sababu siku hizi unasimulia kama kwamba ulikuwa mtoto mchanga ndani ya hadithi hii. Ulicheka, Zuhura. Uongo ulipokuwa mtamu tuliula kwenye sahani moja.

Halafu ukafaulu. Ukafaulu kwa alama ambazo hakuna mtu wa ukoo huu aliwahi kuziota. Nikapiga vigelegele mpaka wavuvi wakageuka. Ukaambiwa wenye alama kama zako wanasaidiwa kusoma kama nyumbani hakuna uwezo, na uwezo wetu unajulikana na mtaa, unajulikana kwa harufu. Mimi mjane, muuza sambaza. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Ndipo ikaja siku ya mkutano wa mudugudu, mtaa wetu wote. Tulikaa kwenye majani, wanawake upande huu na wanaume ule, na mkuu wa mudugudu anasoma mji mmoja mmoja, yaani kila kaya, watu wanasema ukweli wa kila mji: una nini, hauna nini, uwekwe daraja gani. Unajua mwenyewe jinsi mambo yale yalivyo. Jirani anajua sufuria zako kuliko wewe. Wakafika kwetu. Mkuu akasema mjane, anauza samaki, nyumba moja ya kuishi. Watu wakaitikia. Nikawa najiandaa kukaa vizuri.

Maman Furaha akasimama. Alijifunga kitenge chake vizuri kwanza, mpumbavu yule, kama anakwenda kupokea zawadi.

«Na Zuhura? Zuhura iko na nyumba yake kule Gihundwe. Iko na mupangaji. Ule haiko mutoto wa mujane tena, iko mwenye nyumba! Batoto betu banaenda kunyimwa, na benye manyumba banasaidiwa?»

Watu wakageuka. Mkuu akaangalia makaratasi yake, na limo, jina lako limo. Akaniita, bila ubaya, akaniuliza mbele ya wote: Mama Zuhura, ile nyumba ya Gihundwe ni ya nani?

Nataka ujue kilichonipitia kichwani, kwa kuwa wewe uliona uso tu. Niliona kodi ya miaka yote imejipanga, imezaa wajukuu. Niliona yule kijana wa ofisini ananiuliza mama, kumbe. Nilimwona Hamadi anacheka na mabati yake, anasema shemeji amejenga pembeni kwa siri. Niliwaona Mama Riziki na wenzake wamekaa palepale kwenye majani, wanatazama chini, kwa sababu wote wameandika watoto na mimi nikifungua mdomo ninawafungulia wote. Na nilikuona wewe. Ulikuwa unang'oa majani moja moja, ukayaacha, ukaniangalia. Uliniangalia kwa kunitegemea.

Nikasema: «Iko ya mutoto.»

Sikunyamaza, Zuhura. Wewe umenihurumia unaposema nilinyamaza. Nilisema, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kunadi samaki. Mkuu akaandika. Ukawa tajiri saa hiyohiyo, mwenye mji wako, asiyehitaji msaada wa mtu. Maman Furaha akakaa chini. Na mkutano ukaendelea na mji wa jirani, wakabishana juu ya mbuzi wake.

Tulipofika mlangoni ukasema: «Ungesema tu, Maman.» Nami, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye haya, nikakufokea. Nikakuuliza unajua kodi ya miaka yote ile ni kiasi gani? Unajua wangenifanya nini? Ukanisikiliza mpaka mwisho. Ukasema: «Basi miye njo kodi yako.»

Ukaingia ndani. Tangu hapo hatujacheka jikoni.

Wenzako wakaenda vyuoni, wewe ukakaa mwaka mzima ukianika samaki pamoja na mimi. Ulikuwa unaniwekea chakula mezani kama mtu anayelisha mbwa wa jirani. Nilikuchukia, nikuambie kweli. Mtu anaweza kumchukia yule ambaye yeye ndiye amemkosea, kuliko yule aliyemkosea yeye. Ukiona uso wake unaona deni lako, na nani anampenda anayemdai? Kila ulipopita na beseni nilitafuta kosa. Maji umemwaga, turubai umelikunja vibaya, sauti yako ya salamu ni ndogo. Siku moja nilikuambia huna shukrani, nimekupa nyumba. Uliangua kicheko. Mungu anisamehe, nilitamani kukupiga kofi.

Na wewe pia una yako, usijivike kilemba cha malaika. Ulikwenda kwa mwalimu Byamungu nyuma yangu ukamwambia kodi ya pango alipe kwako, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye nyumba. Maskini yule mtu akaja kwangu, anauliza, Maman, sasa mujomba analipa kwa nani? Uliniita mwizi mbele ya Hamadi, mbele ya Hamadi, Zuhura, ambaye alikuwa anangoja neno hilo tangu arobaini ya baba yako. Kuniita mwizi tukiwa wawili ni haki yako. Kumpa Hamadi silaha ni ujinga, na mimi sikuzaa mjinga.

Niliposikia unatafuta mnunuzi niliificha karatasi ya nyumba. Niliitia ndani ya gunia la unga wa muhogo, chini kabisa, nikajiona nimekuweza. Ukaenda mjini kwa kijana mwenye mashine, ukatoa nyingine, ukaja ukaiweka mezani mbele yangu bado ina joto. «Maman, siku hizi haifichwe mu unga.» Nilikasirika sana, na ndani kidogo nikafurahi. Angalau mmoja katika nyumba hii anajua dunia inakwenda wapi.

Sasa nasema nilichokalia kusema.

Usimuuzie Maman Furaha. Si kwa sababu alisema uongo, hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma kwake. Lakini namjua. Ana nyumba yake anayoishi, na ya Gihundwe itakuwa ya pili, na nakuapia wino haujakauka ataiandika kwa jina la kijana wake. Atamnunulia soda. Kesho kutwa na yeye ataulizwa kwenye majani. Mimi simwonei huruma, namwonea yule kijana.

Niuzie mimi.

Usicheke. Najua niliinunua tayari, tena nilivyoinunua unajua. Naijua kila bati. Lakini siwezi kukuambia nirudishie changu, kwa sababu nilipoulizwa ni cha nani nilisema ni chako, na watu wote walisikia, na mkuu aliandika. Neno langu na liwe neno. Ni yako, basi niuzie. Bei ileile aliyosema Maman Furaha, usinipunguzie kwa kuwa nimekuzaa, nami sitaomba. Nimechukua zamu ya likelemba kabla ya wakati wangu, wenzangu wamenung'unika lakini wamenipa. Nimeuza marobota ya vitenge niliyokuwa nayaficha kwa ajili ya harusi yako. Utaolewa na sketi. Haitoshi, najua. Iliyobaki nitaleta kila muhula chuoni kwako, mkononi mwako, na uniandikie risiti, kwa kuwa sikuamini na wewe huniamini.

Na safari hii naiandika kwa jina langu. Watanitoza, nitalipa. Nimeshamwuliza yule kijana wa ofisini, leo asubuhi, ulipokuwa unaaga rafiki zako. Nilimweleza kila kitu, tangu soda mpaka mjomba. Akaniambia ya nyuma pia yatakuwepo, mama, yamezaa. Nikamwambia najua, mimi ndiye bibi yao. Hamadi akiuliza nyumba ya pili ni ya nini, nitamwambia ni ya kukaa sakafuni.

Wakiandika kwamba nyumba ni yangu tangu mwanzo, wewe huna kitu tena. Utakuwa maskini kama ulivyozaliwa. Labda mwaka ujao watakusaidia kusoma, labda hawatasaidia, mimi sijui mambo yao. Pesa ya nyumba utakuwa nayo vyovyote. Ule mwaka mmoja hautoki kwa mtu yeyote, nimeutafuta kila mahali nikulipe, sina.

Sijatulia, usidhani. Bado nina hasira na wewe, kwa Hamadi, kwa mwalimu, kwa kile kicheko. Na wewe usinisamehe haraka haraka kwa sababu ya barua. Nitadhani umechoka tu. Nina hasira na Mama Riziki, nina hasira na ule mparachichi unaoangusha upande wa jirani. Nimezoea hasira, inanisaidia kuamka.

Kesho pikipiki yako ikipanda kutoka huku chini kwenda gare ya mabasi ya Kamembe, ipitishe pale ofisini. Nitakuwa nimetoka nyumbani kabla yako, usinitafute jikoni. Chai itakuwa kwenye chupa. Nitakuwa mlangoni kwao kabla hawajafungua. Ukishuka, tutaandikiana, utachukua basi la baadaye, na sitakuomba unikumbatie. Usiposhuka, mwambie dereva apige honi tu nijue umepita salama, muuzie unayemtaka, ni haki yako.

Mimi nitaingia vilevile. Nitawaambia nyumba ilikuwa yangu, waniandikie kodi yake yote ya nyuma, hata kama mwenye nyumba atakuwa Maman Furaha, nami nitailipa mpaka iishe.

Mama yako,
Mwanaidi